Betri Tisa Ndani ya Mwanzi

Mume wangu wa kwanza alikuwa akienda shamba na betri za redio mfukoni. Nasema wa kwanza ili ijulikane tangu mapema kwamba yule bwana sikuzeeka naye. Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa uji, aliipakata redio yake mapajani, akalifungua fundo la mpira wa baiskeli lililoshikilia kifuniko cha nyuma, akazitoa betri nne moja moja, akazifunga kwenye leso na kuitia mfukoni. Kifuniko kile kilikuwa na ulimi wake wa kujifungia, ila ulivunjika siku alipoirusha redio ukutani, na alichokuwa amekilenga kilikuwa kichwa changu. Akishamaliza alilifunga fundo upya kwa mtindo wake, ili akirudi ajue kama kuna mkono uliogusa. Redio ikabaki mezani imevalishwa kitambaa nilichokifuma mimi mwenyewe.

"Mwanamke akisikiliza redio mchana," alikuwa akisema, "ugali unaungua."

Ugali wangu haukuungua hata siku moja. Kilichoungua kilikuwa kingine, nami nitakisema.

Tulikuwa Msimbu, Kisarawe, miaka ile baada ya vita ya Kagera, wakati duka la kijiji lilipokuwa na rafu safi na muuzaji anayesinzia. Sabuni ilikuwa ikisikika imefika, ukikimbia unakuta imekwisha. Betri zilikuja kwa mgao, mbili kwa kila kaya, na kaya maana yake ilikuwa mwanaume. Kijiji kizima kilikuwa na redio tatu. Moja ilikuwa ya balozi wa nyumba kumi, nayo mkewe alikuwa ameigeuza kisanduku cha nyuzi na sindano. Ya pili ilikuwa mbovu. Ya tatu ndiyo hii ya kwetu, iliyokuwa ikisema jioni tu, mwenyewe akiwa amekaa nayo sikioni.

Alikuwa mpigaji. Sioni sababu ya kulizungusha jambo hilo. Mwaka wa kwanza alinipiga kwa mkono, wa pili kwa mpira wa baiskeli, ule ule wa kufungia redio, maana alikuwa nao mrefu na alikuwa akiukata kidogo kidogo kwa kila kazi. Mpira ule haukati ngozi kama fimbo. Unaifurisha, kisha inapasuka yenyewe siku ya pili. Mimi nami sikuwa mtu wa kupigwa nikanyamaza. Nilimng'ata mara mbili, na alama ya mara ya pili alikwenda nayo kaburini. Majirani walituzoea. Waliposikia kelele walisema, haya, wameanza, wakaendelea kutwanga.

Mgongo wangu ulianza kufanana na wa mama.

Hilo sina budi kulieleza. Baba yangu, Mungu amrehemu kama atataka, alimpiga mama miaka yote ya utoto wetu, kule kwetu karibu na Mlandizi. Mama hakuwahi kumwambia mtu. Alijifunga kanga mpaka shingoni hata wakati wa joto, na alioga peke yake, tofauti na wanawake wenzake waliokwenda mtoni kwa vikundi. Mimi peke yangu ndiye niliyeujua ule mgongo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiupaka mafuta ya nazi. Siku ya harusi yangu aliniita pembeni, badala ya kunipa wosia wa ndoa akanipa wa kwake.

"Nikifa, usiniache nikaoshwa na watu baki," aliniambia. "Mgongo wangu wasiuone."

Nikamwahidi, na kaka nikamwambia kwamba mama ameniomba nimwoshe mimi. Bibi harusi siku hiyo huahidi kila kitu, lakini hili nililiahidi kwa akili zangu timamu.

Basi mwaka wa tatu wa ndoa, mahindi yalipokuwa yanakomaa, kaka yangu alikuja Msimbu. Alikuwa karani ofisini mjini Dar es Salaam, amejenga kijumba Mkuza, Kibaha, akienda na kurudi kila siku kwa basi. Alikuja kuniambia kwamba mama amelazwa hospitali na hali yake haieleweki. Nikasimama pale pale nikaanza kukunja kanga zangu. Mume wangu akaninyang'anya furushi.

"Na nguruwe pori nani atawalinda?" akauliza. "Shemeji, huyu akishavuna atakuja. Kwa sasa haiwezekani."

Kaka hakubishana naye. Alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake wakati mwingine ilinichoma kuliko matusi. Nilipomsindikiza njiani akaniambia:

"Mdogo wangu, barua huku inachukua wiki mbili. Likitokea la kutokea, nitatangaza redioni. Wewe sikiliza kila asubuhi, matangazo ya vifo yakianza baada ya taarifa ya habari. Redio si mnayo?"

"Tunayo," nikasema.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningemwambia, kaka, redio tunayo lakini roho yake inalala mfukoni mwa mume wangu, angefanya njia nyingine. Angemtuma hata mtoto wa jirani. Niliona aibu. Tulilelewa kwamba ya nyumbani hayatoki nje, na kaka alikuwa ameiona redio mezani na kitambaa chake, akaisifia. Nilitaka aondoke akijua dada yake ameolewa pazuri.

Kesho yake nikaanza kutafuta betri.

Mpya hazikuwapo, nikatafuta zilizokufa. Nazo zilikuwa na mwenyewe: shule. Walimu waliwaagiza wanafunzi waokote betri kuukuu, kwa sababu ule unga mweusi wa ndani ukisagwa pamoja na majani ndio uliopakwa ubaoni ubao ukawa mweusi tena. Kila Ijumaa mtoto alipeleka betri yake, na asiyepeleka alichapwa. Kwa hiyo hakukuwa na betri hata moja jalalani. Ijumaa ile nikajibanza kwenye kona ya njia ya shule, nikawasubiri. Watoto wanne walinipa kwa heshima, shikamoo mama, hizi hapa. Wa tano, binti mdogo mwembamba, alikataa na kuficha mkono nyuma. Nikamfinya sikio mpaka akaachia. Nilipokuwa narudi nilizisikia fimbo kutoka uwanjani, na nilijua mojawapo ni ya kwangu. Sikurudi kuitetea. Nilikuwa na haraka ya mama yangu.

Kwa wiki mbili nilikusanya kumi. Nilizitoboa kwa msumari matakoni, nikazilowesha kwenye maji ya chumvi, chumvi yenyewe nikiwa nimeiiba kwenye mgao wa nyumba, kisha nikaziziba kwa nta na kuzianika juu ya paa upande wa nyuma, ambako mume wangu hakuwa akipita. Jioni nilizificha ndani ya chungu kilichopasuka. Moja haikukauka. Nikaiweka kando ya moto jikoni, nikawa nachochea maharage, nikajisahau. Ilipasuka kwa kishindo. Uji mweusi wa moto ukanirukia mkono wa kulia kutoka kiwiko mpaka vidole, nao haufutiki. Ukiufuta unakwenda na ngozi. Niliuma kanga ili nisipige yowe. Mume wangu alipouliza nikamwambia ni maharage.

"Hata kupika sasa hujui," akasema.

Zikabaki tisa. Nilijua kwamba betri dhaifu hazifai kuingia nne kwenye kitumbo cha redio, maana hazina nguvu. Ni lazima zipangwe nyingi nje, kisha nguvu iingizwe ndani kwa waya. Hayo niliyaona kwetu, wazee walikuwa wakifanya hivyo. Nikapasua mwanzi katikati, nikazilaza betri ndani, kichwa cha moja kikigusa tako la mwenzake, nikaufunika kwa nusu ya pili na kuukaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mpira ule ule. Nilijisikia vizuri kuuiba.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuumaliza mwanzi wangu, mume wangu alipotoweka na leso yake, niliketi sakafuni nikailaza redio kifudifudi. Fundo lake nililitazama kwa muda mrefu ili nije kulifunga vile vile. Nikafungua. Ndani, zile springi zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Nikazikwangua kwa kisu cha jikoni na kuzisugua kwa ndimu. Nikamenya nyaya mbili kwa meno, nikaviringisha mmoja huku na mwingine kule. Nikawasha. Kimya. Nikageuza nyaya. Kimya. Nikaanza kutukana, na mimi nikitukana hata kuku wanasogea. Kisha nikaufungua mwanzi na kuona betri ya sita imelala kinyume. Nikaigeuza.

Redio ikapiga kelele kama mtu aliyekanyagwa. Nililia. Nilikaa pale nimeikumbatia, mtangazaji anasoma habari za mbolea na pamba, mimi nalia. Matangazo ya vifo yakasomwa, majina ya watu wa Songea, wa Tabora, wa Ukerewe, na kaka yangu hakutajwa. Nikamshukuru Mungu, nikafungua nyaya, nikafunga fundo.

Nilifanya hivyo asubuhi sita. Fundo lake nililijua kuliko yeye mwenyewe.

Ya saba alisahau jiwe la kunolea panga. Alirudi kulichukua. Alikuwa bado uwanjani, betri zake nne zimo mfukoni zinampiga paja, na ndani ya nyumba redio yake inasema. Alichokifikiri nakijua kwa sababu alikipiga kelele mwenyewe. Siku zile betri ilikuwa kitu cha kumpa mwanamke. Muuza duka alisemwa kijijini kwamba anawahonga wake za watu, huyu sabuni, huyu kanga, huyu mafuta ya taa. Mume wangu aliposikia redio ikisema bila betri zake, alisikia mwanaume mwingine sebuleni.

Na wakati huo huo mtangazaji alikuwa amelitaja jina la kaka yangu.

Nililisikia lote, jina lake na la baba yetu. "Wa Kibaha," mtangazaji akasema, "anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi," na jina la mama likafuata, jina ambalo sikuwahi kulisikia likitamkwa na mtu asiyemjua. "Kilichotokea jana jioni. Mazishi yatafanyika leo..."

Kofi likatua hapo. Lilinipata mdomoni, jino likapenya mdomo wa chini, nikaangukia meza.

"Nani kakupa betri?"

"Subiri!" nikasema. "Subiri nisikie!"

"Betri zangu hizi hapa!" Alizitoa mfukoni, leso na kila kitu, akanionyesha. "Hizo za nani? Sema, za nani?"

"Mama amekufa! Niache nisikie!"

Hakusikia, au alisikia akaona ni hila. Akazishika nyaya zangu zote mbili kwa mkono mmoja akazing'oa. Mtangazaji akakatika katikati ya neno. Kisha mume wangu akanirudia, akanipiga zile betri nne zilizofungwa kwenye leso, bega, mbavu, bega tena, akiuliza swali lile lile kila pigo.

Mkono wangu, ule ulioungua, ukagusa mwanzi sakafuni. Betri tisa zilizobanana ndani ya mwanzi ni nzito kuliko mchi mdogo. Niliunyanyua kwa mikono miwili nikampiga nao juu ya sikio la kushoto. Mwanzi ukapasuka, betri zikatawanyika, yeye akapiga magoti, akanitazama kwa mshangao, kisha akalala ubavu. Damu ilimtoka sikioni. Nilidhani nimemuua. Nataka kuwa mkweli hapa: sikusikitika. Nilichosikitikia ni kwamba sikuisikia sentensi mpaka mwisho.

Nilijaribu kuziunga nyaya. Betri mbili zilikuwa zimeingia uvunguni, na nilipofanikiwa kupata mlio, ulikuwa muziki.

Leo, alisema leo. Ila wapi? Mama alikuwa na shamba lake kwetu, kaburi la baba lipo kule, na la bibi, na la watoto wake wawili waliotangulia. Kaka alikuwa na kijumba tu Mkuza, hata mwembe wake wa kwanza haujazaa. Sikuona haja ya kujiuliza mara mbili. Nikajifunga kanga, nikamruka mume wangu mlangoni, nikamwambia mke wa balozi akamtazame kama yu hai, nikashika njia.

Nilitembea mpaka Kisarawe mjini, nikapata gari la mihogo hadi Dar es Salaam, kisha lori lililobeba magunia matupu kwenye barabara ya Morogoro. Dereva aliponiona uso hakutaka kunichukua. Alisema hataki kesi. Nikamwambia kesi yangu nimeshaimaliza. Nikapanda nyuma. Upepo uliingia kwenye mdomo uliopasuka, ukauma vibaya, kwa hiyo nikajifunika kanga uso mzima na kulala juu ya magunia. Kwa namna hiyo niliipita Kibaha, nikaipita Mkuza na nyumba ya kaka yangu, sioni kitu ila maua mekundu ya kanga.

Kwetu nilifika jua likizama. Uwanja ulikuwa umefagiwa na hakuna mtu. Hakuna turubai wala sufuria, hakuna hata kiatu mlangoni. Shangazi mmoja kikongwe alikuwa amebaki kulinda kuku.

"Shikamoo, shangazi. Mama yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Wewe hukwenda?" akaniuliza. "Wote wamekwenda Mkuza. Gari la kumleta huku lilikosa mafuta. Si walitangaza?"

Nilikaa kwenye ngazi ya jiko la mama mpaka shangazi akanivuta ndani kwa mkono.

Kesho yake asubuhi nikawa Mkuza. Niliingia uwanjani watu wakiwa kwenye khitma, wanaume mkekani, wanawake ndani. Kaka aliinuka kunilaki, macho mekundu. Nikamzaba kofi. Mbele ya mashehe, mbele ya wakuu wake wa kazi, kofi la mkono uliochubuka, lililoniuma mimi kuliko yeye.

"Umemzika bila mimi," nikamwambia. "Ulijua alichoniomba, ukamtia mikononi mwa watu baki."

Watu wakanishika. Kaka akawaambia waniache. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa, nakala ya tangazo kwa mwandiko wake wa ukarani, akanipa. Nilisoma pale niliposimama. Yale niliyoyasikia yalikuwa juu. Chini yake: mazishi yatafanyika leo saa kumi alasiri huko Mkuza, Kibaha. Habari ziwafikie, na jina la kwanza lilikuwa langu, kabla ya wajomba na mashangazi, mke wa fulani, kijiji cha Msimbu, Kisarawe. Kisha: anaombwa afike haraka, kwa kuwa marehemu hataoshwa mpaka atakapofika.

Nchi nzima ilisikia kwamba nasubiriwa. Watu wa Songea walisikia, na wa Tabora, na wa Ukerewe, kila aliyekuwa na betri.

"Tulikusubiri mpaka saa kumi na moja," kaka akasema. "Mashehe wakasema hapana, sasa inatosha."

Alinikumbatia, nami nikamwacha, kwa sababu mikono yangu ilikuwa haina tena wa kumpiga. Mume wangu hakufa. Alibaki na sikio moja, akanitumia talaka kabla mahindi hayajavunwa, na nasikia redio aliendelea kuisikiliza kwa upande wa kulia. Hayo niliyajua baadaye na hayakunihusu.

Siku ile, wanawake waliniingiza ndani. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyeongoza kumwosha mama pamoja na majirani wawili wa Mkuza. Alikaa karibu nami, akanong'ona:

"Wifi, samahani. Maji tuliyachemsha mara tatu tukikungoja. Lakini nataka kukuuliza. Mama alipatwa na nini mgongoni? Wale majirani wananiuliza, sijui niwajibu nini."

Nikasema nitamwambia baadaye.

Alasiri akanichemshia maji ya kuoga. Mkono wangu wa kulia haukuweza kushika kata, kwa hiyo akaingia nami bafuni, ua la makuti nyuma ya nyumba, na kipande chake cha sabuni. Nikamgeuzia mgongo, nikateremsha kanga. Nikasikia kata imetulia ndani ya ndoo. Kisha akanimwagia maji taratibu, kuanzia mabegani, na hakuniuliza tena.